Mguu Ambao Haujaenda Popote

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya mkiwa mmejilaza na simu kifuani, kwanza inukeni. Simameni tu, hata dakika mbili. Mambo haya mimi siwezi kuyasema nikiwa nimekaa, na hata kuyaandika nimeyaandika kwa kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, mpaka jirani akachungulia kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la tatu. Mkikuta neno limekaa upande, liacheni lilivyo, mwelewe.

Kilichonianzishia ni harufu. Juzi Tatu, mwanangu wa mwisho, alirudi na boksi, akalifungua pale sebuleni, na ile harufu ya gundi na ngozi mpya ikaja moja kwa moja puani kwangu. Viatu vya mtoto. Vyeusi, vya kamba, vigumu kama kwato. Vya Rehema, binti yake, ambaye ana miaka miwili na kitu na bado hajatembea. Rehema ni wa wale watoto ambao kliniki wanasema wana Down. Macho yameinuka pembeni, shingo fupi, viungo laini kama unga uliokandwa kwa maji mengi. Anacheka na kila mtu. Na hapo ndipo ilipo shida, maana kila mtu anambeba. Akitoka kwa mama yake yuko kwa shangazi yake, akitoka kwa shangazi yuko kwa jirani, na jioni ukizitazama nyayo zake ni safi kama za mtu wa kwenye picha.

Tatu akamvalisha, akavuta kamba, akamwinua juu. "Mama, muone! Kalunde wako karudi!"

Wote wakacheka kwa furaha. Mimi nikainuka, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba mara tatu.

Kalunde alikuwa mdogo wangu, naye wa namna hiyo hiyo. Tumemzika kiangazi hiki. Ndiyo maana kila anayemwona Rehema analitaja jina lake, anadhani ananifariji. Hawajui neno hilo, "karudi," lilimfanya nini Kalunde mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa upande wa Kigwa, ndani kidogo ukiiacha reli, kabla watu hawajakusanywa vijijini. Nyumbani tulikuwa mama, Babu mzaa baba, mimi na Kalunde. Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli, tulimwona mwisho wa mwezi, naye akifika alikuwa analala tu. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa Babu, na Babu alikuwa mtu wa jambo moja: kutembea. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ile ya zamani. Alibeba mzigo toka kwetu Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na mwingine, akaenda tena. Basi kwetu mtu alipimwa kwa miguu yake. Mgeni akibisha hodi, kabla hajapewa kigoda aliulizwa kaja na nini. Aliyesema baiskeli alipewa maji, lakini mazungumzo hakupewa.

Kalunde alipozaliwa, kati ya kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata palikuwa na mwanya ambao ungeweza kupitisha kidole chako cha mkono. Miguu yote miwili. Babu aliletewa mtoto amtazame, akaanzia miguuni kama kawaida yake. Halafu akasema mwanya huo anaufahamu. Baba yake alikuwa nao, ulichimbwa na ukanda wa ndala za ngozi, miaka na miaka ya barabara.

"Huyu ni baba," akasema. "Amerudi. Na amechoka."

Kila kitu kikapata maelezo. Mtoto analegea? Nani asingelegea, aende pwani mara zote hizo. Hashiki shingo, amechelewa kukaa, ulimi unaning'inia? Uchovu. "Msimsumbue," Babu akaamuru. "Amekwisha tembea vya kutosha. Mwacheni apumzike."

Siwezi kumlaumu Babu kwa kila kitu, na nyinyi msimlaumu haraka. Kulikuwa na nyumba ambazo mtoto wa namna hii alifichwa nyuma ya ghala, wageni wakija anafunikwa. Kwetu alikaa sebuleni kama mzee, akamwagiwa maji ya kunawa wa kwanza. Hakuna aliyethubutu kumwita jina baya mbele ya Babu. Lakini heshima hiyo ilikuwa na uzito, na ule uzito ulikuwa mgongoni kwangu. Kalunde hakuwahi kuwekwa chini akaachwa. Mama akiwa shambani, mimi nilifungwa mbeleko, na Kalunde ndani yake, mpaka alipofikisha miaka sita na mimi kumi na miguu yake inanigonga magotini.

Nami nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alikuwa anasema nilizaliwa na siafu miguuni. Wenzangu wakicheza rede, mimi nimesimama pembeni na mzee wangu mgongoni, miguu inanicheza hapo hapo nilipo. Nilimwamini Babu kabisa. Basi nikawa namuuliza Kalunde kwa hasira, tukiwa wawili tu, "Bahari ikoje? Na kule Ugogo maji mlikuwa mnapata wapi?" Yeye ananitia kidole sikioni, anacheka. Nikajua ananificha. Nikamchukia kidogo, nasema ukweli. Niliona si haki, mtu aliyetembea dunia nzima aje achague mgongo wangu wa kupumzikia.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijiji vya ujamaa. Mgambo walipita wakitaja siku, siku ikafika, lori likabeba nguzo, vyungu, mbuzi na kinu cha mama. Watu walilia wakitazama nyuma. Babu peke yake alikwenda bila neno, kwa miguu, nyuma ya lori, kwa sababu alijua tunakopelekwa: kijiji kipya kilipangwa kando ya njia ile ile ya misafara. Ilikwisha ota majani, lakini yeye aliiona. Alikuwa anasimama mahali penye vichaka anasema, "Hapa palikuwa kambi," sisi tunaona vichaka tu.

Nyumba zilipangwa mistari. Asubuhi kipande cha reli kiligongwa, wakubwa wakaenda shamba la kijiji, watoto wakaenda shule. Watoto wote isipokuwa mimi.

Mwalimu akaja nyumbani. Kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Huyu binti mbona simwoni darasani?"

"Ana kazi, baba. Anambeba mwenzake."

Mwalimu akazunguka nyuma yangu akamtazama Kalunde, Kalunde akamtolea ulimi. "Huyu ana miaka mingapi?"

"Wa sita huu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amechoka tu."

"Amechoka na nini?"

Babu akajibu akiwa kwenye kigoda chake, bila kugeuka. "Na safari."

Nilidhani mwalimu atacheka. Hakucheka. Alisimama akimtazama Babu, akamtazama tena mtoto, halafu akasema maneno ambayo sikuyasahau. "Mzee, mtoto wa mgongoni siwezi kumwingiza darasani. Lakini atakayeingia kwa miguu yake nitampa pa kukaa, na dada yake naye. Tukifungua shule baada ya mavuno nawasubiri wote wawili. Kwa miguu."

Mama alishukuru kwa adabu. Babu alisonya. Mimi sikulala vizuri tena toka siku hiyo. Wakati wa mavuno si mrefu, na mbele yangu kulikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ni miguu ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga chini.

Nikaanza kwa siri. Wakubwa wakishakwenda shambani na Babu kwenye mizinga yake ya nyuki, nilimshusha. Mwanzoni alikaa kama gunia la mpunga. Nikimwinua magoti yanakunjuka nyuma, nyayo zinalala upande, naye anainama mbele mpaka uso unagusa vidole vyake mwenyewe, anavibusu. Hakuna mtu mwenye mifupa anayeweza kukunjika vile. Nikaiba sega la asali. Nikampa kipande, nikaweka kingine mbali kidogo, kwenye kinu. Akatambaa kwa makalio. Nikakiweka juu ya kinu. Akakaa chini akanitazama muda mrefu, mpaka nikakata tamaa, nikageuka kufukuza kuku. Niliporudi amesimama, amekumbatia kinu kwa mikono miwili, asali imemjaa puani.

Baada ya hapo akawa anasimama kila siku, halafu anatembea akishika ukuta. Lakini ukuta ukiisha, naye anaishia hapo, anakaa. Niliuchukia mwisho wa ule ukuta. Mavuno yalikuwa yanakwisha, watu wanaanika mahindi, nami usiku na mchana nahesabu hatua ambazo hazipo.

Ndipo mama akaenda mjini, kwa mama mdogo aliyekuwa anakaa Gongoni, akarudi na viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya kamba, vya dukani kwa Wahindi, vilivyokuwa vimeanza kumbana binti wa mama mdogo. Vilikuwa viwe vyangu, havikuniingia. Mama akavitundika ukutani mpaka apatikane wa kubadilishana naye.

Nilivitazama siku mbili. Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Pale kijijini wenye viatu vya ngozi walikuwa watatu: mwalimu, bwana shamba na katibu. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona amebeba kitu, wala amekaa chini. Asubuhi wanatembea, jioni wanatembea. Nikaona wazi kwamba kiatu ndicho kinachotembea, mguu umo ndani unasafirishwa tu, kama abiria kwenye treni. Kalunde hakuwa na tatizo lolote isipokuwa alikuwa hana viatu.

Nikavitungua. Mguu wake ulikuwa mfupi na mpana, kiatu kirefu na chembamba. Nikasukuma. Mbele nikajaza matambara, kamba nikazivuta kwa meno mpaka ngozi ikakutana, na kifundoni nikazungusha kamba ya gome la mti nikafunga. Nikamsimamisha mwisho wa ukuta, nikamwachia.

Akasimama. Akaenda! Gwa, gwa, gwa, kama mtu aliyevaa makopo, hatua saba, akaanguka, nikamwinua, tisa. Nilimzunguka nikikimbia, nikapiga kelele mpaka nikakumbuka ni siri. Siku tatu tulifanya hivyo. Jioni nilimvua upesi upesi gizani nyuma ya nyumba, nikavirudisha ukutani, nikamfunga nguo miguuni, nikamlaza. Mama alikuwa anarudi amechoka, hakuangalia.

Siku ya nne, hatua ya tatu, akakaa.

"Inuka."

"Basi," akasema. Maneno yake yalikuwa machache, hili lilikuwa mojawapo. "Basi, dada."

"Inuka, Kalunde. Shule inafunguliwa."

"Basi."

Nikakata kijiti nikamchapa miguuni. Nikamchapa tena. Hakulia. Alikitazama kile kijiti, akanyoosha mkono akakichukua taratibu kama mtu anayepokea zawadi, halafu akaanza kukichapa kiatu. Akakichapa kiatu cha kulia, akakichapa cha kushoto, akaninyooshea kijiti nami nikichape. Nikadhani anacheza. Nikamwambia, "Mimi sina muda wa michezo yako," nikamwinua kwa kwapa, nikamtembeza mpaka mlangoni.

Leo mimi ni bibi mwenye mvi na bado sijaweza kulipita jambo hilo. Mtoto ambaye hana maneno alinionyesha kwa kijiti mwenye kosa ni nani, nami nikamwambia sina muda.

Jioni ile mama alirudi mapema akatukuta sijamvua. Nadhani ni harufu iliyomwita. Alipiga magoti akafungua zile kamba, na kiatu kilipotoka kilitoka na ngozi. Kisigino kilikuwa chekundu kitupu. Vidole vyote vilikuwa vimebanwa pamoja, na ule mwanya wake umefungwa, umeoza kwa jasho. Kalunde anatutazama mmoja mmoja, anatabasamu.

Babu alikuwa ameshika bakuli la kunawia. Akaliweka chini.

"Nani kamvalisha?"

"Mimi, Babu."

"Toka lini?"

"Leo siku ya nne."

"Na jioni ulimtazama miguu?"

"Hapana."

Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba kwenye msafara wa baba yake chungu hakikufunuliwa kambini mpaka kiongozi amepita katikati ya watu, na kila mpagazi amenyoosha miguu ikatazamwa. Aliyeficha kidonda alitukanwa na kambi nzima, maana kesho mzigo wake utagawiwa wengine. Wote walitazamwa, hata mgeni, hata mtumwa. "Baba yangu alilala njia nzima akiwa ametazamwa miguu," akasema. "Amekuja kupumzika kwangu, nawe umemnyima hata hilo."

Hapo ndipo siafu zangu zote zikapanda kichwani.

"Siyo baba yako!" nikampigia kelele. Babu yangu mimi. "Ni Kalunde! Kama amefika pwani mara zote hizo, mbona hajui kufika mlangoni? Mbona anakaa mgongoni kwangu? Baba yako angekubali mimi nimchape?"

Kofi la mama lilinipata kabla sijafunga mdomo. Na Kalunde, ambaye hakulia kwa kiatu wala kwa kijiti, akaanza kulia. Alilia kwa sababu nimepigwa mimi. Alijikokota kwa makalio mpaka nilipo, akanishika shavu.

Babu hakula siku hiyo. Na hakunisemesha siku nyingi. Kila jioni alimwosha Kalunde miguu, akampaka asali ya nyuki wadogo kwenye vidonda, akamfunga kitambaa safi. Mimi nazunguka uani kama mbuzi aliyefungwa. Kijijini wenzangu wanashona begi za shule kwa magunia. Vidonda vikakauka, ngozi mpya ikaota, na siku za shule zikawa zimebaki chache za kuhesabika kwa mkono mmoja.

Asubuhi moja Babu akachota majivu jikoni akayamwaga mlangoni, akayasawazisha kwa kiganja. "Mlete."

Nikamleta. Akamshika mikono akamsimamisha juu ya majivu, mguu huu, na huu, akamwondoa. Akachutama akatazama alama.

Alichutama muda mrefu mno. Akafuta, akasawazisha, akamsimamisha tena. Akatazama tena. Mama akatoka na mchi mkononi akasimama. Babu akaanza kusema, lakini si na sisi. Alisema alipokuwa mtoto mdogo, msafara ukirudi, watoto walikimbia njiani, na yeye alikuwa anaujua mguu wa baba yake kwenye vumbi kabla hajauona uso. Kisigino hapa, vidole kule, na katikati pamekatika, hapana kitu. Hivyo ndivyo alivyomtambua kila mara.

Ile alama ya Kalunde haikukatika popote. Ilikuwa nzima, pana, imejaa kama andazi.

"Huu si wake," Babu akasema. Akapitisha kidole pembeni mwa alama bila kuigusa. "Huu mguu ni mpya. Huu haujaenda popote."

Sauti yake ilivunjika katikati. Nilidhani ana hasira na mimi, nikarudi nyuma. Ni mpaka nimewazika watu wangu mwenyewe ndipo nikaelewa: mzee yule alifiwa na baba yake mara ya pili asubuhi ile, mlangoni kwake, juu ya majivu. Na hakutulaumu.

Aliloweka kipande cha ngozi ya ng'ombe mpaka kikalainika. Akakikata kwa kuifuata ile alama, akaongeza upana wa kidole pembeni. Kamba alizikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Moja ikapita kwenye ule mwanya, kana kwamba mwanya uliwekwa kwa kazi hiyo tu, nyingine ikazunguka kisigino ili kiatu kisibaki nyuma. Kabla ya kumvalisha alipitisha kiganja chake ndani, mbele, nyuma, akitafuta panapokwaruza. Akakata tena. Akapitisha tena. Mimi nilikuwa nataka kumwambia afanye haraka. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya utotoni.

Halafu akafunga njuga kifundoni mwake mwenyewe, mzee mzima, akashika ile njia ya misafara, akatangulia. Cha, cha, cha. Kalunde alikuwa anapenda mlio wowote. Alimwachia mama mkono, akafuata.

Alikuwa anakwenda miguu imepanuka, tumbo mbele, mikono imeinuliwa kama anayevuka maji. Akichoka anakaa popote alipo, hata katikati ya njia. Nami nikitaka kumvuta, Babu ananikataza: "Kambi." Anakaa na yeye. Tunakaa wote watatu katikati ya njia, hatuna mzigo wala msafara. Kisha Kalunde mwenyewe anainuka kwa kuweka mikono chini na kusukuma dunia. Jioni, kabla chungu hakijafunuliwa, Babu anasema, "Miguu," naye ananyoosha. Mpaka akawa ananyoosha kabla hajaambiwa.

Siku ya kufungua shule tulitoka jua halijachomoza. Babu alitufikisha mwisho wa mistari ya nyumba, akavua njuga zake akanipa. "Mimi naishia hapa," akasema. "Mtangulie."

Watoto walitupita wakikimbia. "Bata! Jamani njooni muone bata anakwenda shule!" Kalunde akawajibu kila mmoja, "Sikamoo! Sikamoo!" kwa heshima zote. Mmoja akajisahau akaitikia "Marahaba," wenzake wakamgeukia yeye wakamcheka, wakatuacha.

Tulikwenda. Tulipiga kambi mara ya kwanza, ya pili. Na tukiwa tumebakiza kama kiwanja kimoja cha mpira, kile kipande cha reli kikagongwa. Mbele yangu naona watoto wanaingia, uwanja unabaki mtupu. Nikasahau kila kitu. Nikachutama mbele ya Kalunde, nikamgeuzia mgongo. "Panda! Panda upesi!" Ningekimbia naye, ningemshusha mlangoni, nani angejua?

Nikasubiri uzito wake. Ule mgongo aliujua kuliko alivyoijua nyumba.

Alisimama nyuma yangu akihema. Halafu nikaona kivuli chake kinanipita pembeni.

"Basi, dada," akasema, akaenda zake.

Tulifika wakiwa wameshaanza kuimba hesabu. Mwalimu akaja mlangoni. Akazitazama zile ndala, akalitazama vumbi lililofika magotini.

"Mmechelewa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu," nikasema.

"Ingieni."

Nilisoma mpaka la tatu. Mama akaugua mgongo, nikarudishwa kushika jembe, na hapo shule yangu ikaishia. Lakini Kalunde hakuna aliyekumbuka kumwambia aache, basi hakuacha. Aliamka akaenda. Alifagia darasa, akakaa nyuma, akacheza na wadogo kuruka kamba ambayo hakuwahi kuiruka hata mara moja bila kuikanyaga. Kusoma hakujua. Alijua majina ya watu wote na ya mbuzi wao. Babu alipokufa, ndala zake nikawa nazikata mimi, kwa alama ya majivu, na tulipohamia mjini nikaendelea. Kila asubuhi alitembea mpaka Gongoni kusalimia wenye maduka, akarudi na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwenye mfuko, zawadi ya huyu na yule. Jozi ya mwisho bado iko mlangoni kwangu. Ya kulia imeliwa upande wa ndani, kama zote zilizotangulia.

Basi juzi, nilipomaliza kuizunguka nyumba, nikarudi sebuleni. Rehema yuko mikononi kwa shangazi yake, vile viatu vinaning'inia hewani. Muuguzi wa kliniki alikwisha mwambia Tatu: ndani mtoto awe pekupeku, nje avae kiatu laini kinachoshika kisigino, na aachwe acheze. Tatu alisikia. Anaogopa tu asianguke.

"Mama umekasirika?" akaniuliza. "Nimesema tu amefanana naye."

"Amefanana. Lakini hakuna aliyerudi hapa. Kalunde amekwenda, na huyu ndiyo kwanza amefika."

Nikaenda jikoni nikachota majivu, nikayamwaga mlangoni, juu ya vigae vyao vya kung'aa. Nikasimama nikawaambia wote, wakubwa na wadogo, maneno ambayo ndiyo sheria ya nyumba hii maadamu mimi ni mzima:

"Mvueni hivyo viatu. Mshusheni chini, na anayetaka kumbeba aje kwanza aniombe mimi ruhusa. Na jioni, kabla sufuria haijafunuliwa, nileteeni miguu yake niitazame."